DISKI MBILI KATIKA ORDINATERE MOJA: NINI IKAE WAPI?



Siku hizi katika shule nyingi za kwetu kuko ordinatere zilizotumika kwanza kule Ulaya, kisha zikaletwa huku. Nyingi ziko bado na nguvu ya kufanya kazi. Lakini ugonjwa wao munaujua: unaziwasha asubuhi, unakwenda kuchota maji, unarudi, na mashini ingali inajitayarisha. Basi watu wanasema: «Imezeeka, tutafute feza ya kununua ingine.» Pole kidogo! Mara nyingi si mashini yote iliyochoka. Ni diski yake tu inayokawisha kazi, na diski inaweza kubadilishwa kwa turnavisi na dakika 30.

Diski ya namna mupya inaitwa SSD. Kila mutu aliyeisikia anauliza maswali yale yale: Tutoe diski ya zamani na kuitupa? Ao tuache zote mbili ndani ya mashini moja? Na kama zinakaa pamoja, nini iwekwe katika ile, na nini iwekwe katika hii?

Jibu kwa kifupi ni hili. Kinachoombwa kila mara, vipande vidogo vidogo, kikae kwenye SSD. Kilicho kikubwa na kimetulia kikae kwenye diski ngumu. Na kile ambacho shule haiwezi kukipoteza kikae kwenye zote mbili, tena na pahali pa tatu inje ya mashini. Tunataka kueleza sababu, kwa maana mwenye kujua sababu hahitaji kuuliza tena kila wakati.

1. DISKI NGUMU INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Diski ngumu ni sanduku la chuma. Ndani kuko sahani moja ao zaidi, laini kama kioo, zinazozunguka bila kupumzika. Juu ya kila sahani kuko ngozi nyembamba sana ya sumaku. Ngozi hiyo inafanywa kwa mchanganyiko wenye kobalti, ile kobalti ambayo sehemu kubwa ya ulimwengu inatoka Katanga kwetu. Mukono mudogo unakwenda na kurudi juu ya sahani, na kichwa chake kinasoma ao kuandika alama za sumaku. Kichwa hakigusi sahani. Kinaruka juu yake kwa upepo wa mzunguko, karibu sana, hata unywele wa mutu ni munene kuliko nafasi ile mara maelfu.

Namna hii si ya jana. Mwaka 1956 kampuni ya IBM, kule Marekani, ilitoa diski ya kwanza ya kuuzwa. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa sentimeta 61, na zote pamoja zilishika herufi milioni 5 hivi. Siku hizi diski moja inayokaa katika mukono inashika tera nyingi. Lakini kazi yenyewe haikubadilika: sahani inazunguka, mukono unatafuta.

Sasa tufanye hesabu, maana jibu lote liko hapa. Diski nyingi za ordinatere ya meza zinazunguka mara 7200 kwa dakika, ni kusema mara 120 kwa segonde. Mzunguko mmoja unachukua milisegonde 8,3. Kichwa kikifika kwenye njia yake, kwa kawaida kitangojea nusu ya mzunguko mbele ya kuona alama inayotafutwa: milisegonde 4,2. Ongeza wakati wa mukono kutembea, milisegonde 9 hivi. Jumla ni 13. Gawanya milisegonde 1000 kwa 13: unapata kama mara 75. Basi, diski ngumu inaweza kutafuta vitu 75 tu kwa segonde, kama vitu hivyo vimetawanyika.

Mutu asiyejua atasema: «Mara 75 kwa segonde, si mingi hiyo?» Kwa mutu ni mingi. Kwa ordinatere ni njaa.

2. NA SSD JE?

Ndani ya SSD hakuna kitu kinachozunguka. Hakuna sahani, hakuna mukono. Kuko vyumba vidogo vya umeme, mabilioni na mabilioni, na kila chumba kinafungia umeme kidogo ndani yake hata wakati mashini imezimwa. Ni ndugu ya ile flashi munayobeba katika mufuko, lakini imetengenezwa kwa kazi nzito. Namna hii ya kumbukumbu ilitokea katika miaka ya 1980 kwa kampuni Toshiba ya Japani, kwa kazi ya injenieri Fujio Masuoka.

Kwa sababu hakuna kitu cha kungojea, SSD inajibu katika sehemu moja ya kumi ya milisegonde hivi. Maana yake mara 10 000 kwa segonde ukiomba kitu kimoja kimoja, na zaidi ukiomba vingi pamoja. Linganisha: 75 na 10 000. Tofauti ni zaidi ya mara 130.

Lakini angalieni vizuri neno linalofuata. Kama hutafuti vitu vilivyotawanyika, unasoma tu kitu kimoja kirefu toka mwanzo mpaka mwisho, kama filme ao mahubiri yaliyorekodiwa, mukono wa diski ngumu hauhitaji kutembea. Sahani inapita chini ya kichwa, kazi inakwenda. Hapo diski ngumu inasoma mega 150 hivi kwa segonde, na SSD ya kawaida (ile inayounganishwa kwa kable ya SATA) inasoma mega 500 na kitu. Tofauti ni kama mara 3 ao 4 tu. Na filme ya kawaida haiombi hata mega 2 kwa segonde. Kwa hiyo filme iliyo kwenye SSD haiendi mbele kuliko filme iliyo kwenye diski ngumu. Macho yako hayataona tofauti yoyote.

Hii ndiyo sababu ya kugawanya. Kwa vitu vidogo vilivyotawanyika, SSD inashinda mara zaidi ya mia. Kwa vitu virefu vilivyonyooka, inashinda mara tatu, na ushindi huo mara nyingi hauna faida.

Kuwasha ordinatere ni kazi ya namna gani? Ni ya kwanza. Sistemi (Windows ao Linux) inaamuka kwa kusoma maelfu ya fishie ndogo. Tuseme inasoma vipande 15 000. Kwa diski ngumu: 15 000 gawanya kwa 75 ni segonde 200, zaidi ya dakika 3. Kwa SSD: segonde 1 na nusu. Kwa kweli mambo hayako rahisi hivi, sababu sistemi inajua kupanga maombi yake, na kuko kazi zingine mbali na kusoma diski. Lakini sasa munaelewa kwa nini mashini ya zamani iliyowekewa SSD inaonekana kama imezaliwa mara ya pili.

3. KILA MOJA NA UZAIFU WAKE

Diski ngumu inaogopa kuanguka na kutikisika, zaidi wakati inazunguka. Kichwa kikigusa sahani, alama zinaharibika. Inakula umeme zaidi. Lakini giga moja ya diski ngumu inauzwa bei ya chini kuliko giga moja ya SSD, na ukitaka tera nyingi tofauti ya feza inakuwa kubwa. Tena ina tabia moja nzuri: mara nyingi, si kila mara, inaonya mbele ya kufa. Inaanza kulia «tak, tak», ao inakawia kufungua fishie moja.

SSD haiogopi sana kutikisika, haina sauti, inakula umeme kidogo. Lakini ikikufa, mara nyingi inakufa kwa gafula, leo iko, kesho ordinatere haiioni kabisa. Tena kila chumba chake kinaweza kuandikwa mara zenye hesabu, kisha kinachoka. Watu wengine wanaogopa sana jambo hili, kwa hiyo tupige hesabu tena. SSD ya giga 250 iliyo nzuri inaandikiwa na kampuni «TBW 150», maana yake garanti inafika mpaka umeandika tera 150. Zile za bei ndogo zinaweza kuwa na 80. Ukiandika giga 20 kila siku, na sekretariati haifikii hata nusu yake, tera 150 zitakwisha nyuma ya siku 7500. Hiyo ni miaka 20. Mutoto anayezaliwa leo atakuwa amemaliza shule. Basi musiogope kuandika kwenye SSD. Ogopeni kifo cha gafula.

Jambo lingine: SSD si sanduku la kuficha vitu miaka na miaka bila umeme. Umeme uliofungiwa katika vyumba unatoka polepole, na joto linauharakisha. Sheria ya viwanda kwa SSD za ordinatere za kawaida inaomba kwamba diski iliyokwisha kutumika mpaka mwisho wa garanti ishike vitu vyake mwaka mmoja bila umeme, kwa joto la digri 30. SSD iliyo mupya inashika zaidi. Lakini kwa kuweka archivi ndani ya kabati, diski ngumu inafaa kuliko.

4. NAMNA NNE ZA KUZIUNGANISHA

Namna ya kwanza: diski mbili mbalimbali. Mashini inaona SSD kama C na diski ngumu kama D. Wewe mwenyewe unaamua nini ikae wapi. Hii ndiyo namna tunayoisifu, kwa sababu iko wazi: moja ikikufa, ingine inabaki na vitu vyake, na unajua ni nini iliyopotea.

Namna ya pili: diski ya mchanganyiko. Ni diski ngumu ambayo ndani yake wameongeza SSD ndogo sana, giga 8 kwa mufano. Diski yenyewe inachagua vitu vinavyoombwa mara nyingi na kuvikumbuka mle. Zilipendwa zaidi katika miaka ya 2010, kwa kuwa SSD zilikuwa bado bei kubwa. Ukipewa moja, itumie, lakini usiitafute.

Namna ya tatu: SSD ndogo kuwa mutumishi mbele ya diski ngumu. Sistemi inaweka kwenye SSD kopi ya vile vinavyoombwa mara nyingi. Intel ilitoa namna yake mwaka 2011, na Linux iko nayo tangu mwaka 2013 kwa jina bcache. Inafanya kazi, lakini inaomba mutu anayejua kuitengeneza, na kufungua mara ya kwanza kunabaki polepole. Zamani, mutu aliweza kununua SSD ya giga 32 tu. Leo giga 256 inapatikana, na sistemi yote inaingia ndani, basi haja ya mutumishi imekuwa ndogo.

Namna ya nne: kushona diski mbili kuwa moja. Kampuni Apple ilifanya hivi mwaka 2012 kwa jina Fusion Drive: giga 128 za kumbukumbu ya haraka pamoja na diski ngumu ya tera 1 ao 3, na mwenye mashini anaona diski moja tu. Ni vizuri kwa mutu asiyetaka kuwaza. Lakini hatari yake iko hapa: fishie zinatawanywa kwa zote mbili, na moja ikikufa, vyote vinapotea. Kwa mashini ya shule, hapana.

5. TUGAWANYE SASA

Kwenye SSD tuweke:
– sistemi yenyewe;
– programu zote: ya kuandika, ya hesabu, ya kuchapa, ya intaneti;
– kumbukumbu ya kusaidia, ile sistemi inayokopa kwenye diski wakati RAM imejaa. Mashini yenye RAM giga 4 inakopa sana, na kukopa kwa diski ngumu ndiko kunakoifanya isimame kabisa;
– kazi za mwaka huu: pointi za wanafunzi, barua, hesabu ya ekonome.

Kwenye diski ngumu tuweke:
– filme za masomo, nyimbo za kwaya, picha za sikukuu;
– vitabu vya PDF na kopi ya Wikipedia ya kusoma bila intaneti;
– kazi za miaka iliyopita;
– kopi ya kila siku ya zile kazi za mwaka huu.

SSD ya kadiri gani? Windows 11 inaomba giga 64 kwa uchache, Ubuntu inaomba 25. Ongeza programu, ongeza nafasi ya kupumua, maana SSD iliyojaa kabisa inakuwa polepole, tena inachoka upesi. Acha sehemu moja ya tano iwe wazi. Basi giga 120 inatosha kwa mashini ya wanafunzi yenye Linux, na giga 240 ao 256 inafaa kwa sekretariati. Kupita hapo, feza inayobaki ifanye kazi ingine.

Angalieni tena jambo moja ambalo watu wengi hawalipimi. Kazi za mwaka huu ziko nzito kadiri gani? Tuseme shule yenye wanafunzi 600, na kila mwanafunzi ana dosie ya mega 5: picha yake, karatasi ya kuzaliwa iliyopigwa skane, pointi za mwaka wote. Jumla ni mega 3000, giga 3 tu. Filme mbili za sikukuu zinazidi hapo! Kile kilicho cha bei kubwa katika ordinatere ya shule ndicho kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo hakuna wa kusema: «Nafasi ya kopi imekosa.»

6. UMEME

Kwetu swali la diski ni swali la umeme pia. Diski ngumu ya ordinatere ya meza inakula kama wati 5 kupita SSD. Wati 5 si kitu, mutasema. Lakini chumba chenye mashini 20: 5 mara 20 ni wati 100. Kwa saa 6 za masomo ni wati-saa 600. Batri ya solere ya volti 12 na amperi-saa 100 inashika wati-saa 1200 ikiwa mupya na imejaa. Basi, kwa kuondoa diski 20 zinazozunguka unaokoa nusu ya batri kila siku. Ndiyo maana kwa chumba cha wanafunzi tunashauri SSD ndogo peke yake ndani ya kila mashini, na diski ngumu moja kubwa kwa mashini ya mwalimu, inayogawia wote vitabu na filme kwa kable ya rezo.

Tena umeme ukikatika kwa gafula, diski zote mbili zinaumia. Diski ngumu inaacha kuandika katikati. SSD inaweza kupoteza hata orodha yake ya ndani, ile inayosema fishie fulani iko katika vyumba gani. SSD za bei kubwa ziko na akiba ndogo ya umeme ndani yao ya kumaliza kazi, lakini zile za kawaida hazina. Kwa hiyo mashini ya sekretariati isikose onduleri. Kununua SSD nzuri na kuiacha bila onduleri ni kama kushona nguo mupya na kuivaa katika mvua.

7. DISKI MBILI SI KOPI MBILI

Hapa tunaomba usikizi wenu wote. Watu wengi wakiisha kuweka diski mbili, moyo wao unatulia: «Sasa tuko salama, vitu viko pahali pawili.» Viko kweli pahali pawili? Kama fishie ya pointi iko kwenye SSD peke yake na filme iko kwenye diski ngumu peke yake, basi kila kitu kingali na kopi moja tu. Umeongeza diski, hukuongeza usalama.

Na hata ukiisha kuandika kopi kwenye diski ya pili, zote mbili zinakaa ndani ya sanduku moja. Mwizi habebi nusu ya mashini. Radi haichagui. Kuko virusi zinazofunga fishie zote kwa ufunguo na kuomba feza, nazo zinaingia kwenye C na kwenye D vilevile. Na mutu aliyefuta kitu kwa kukosa, kesho kopi ya siku ile itafuta pia.

Kwa hiyo wenye kujua wanafundisha sheria ya 3-2-1: kopi 3 za kila kitu cha lazima, kwa vyombo vya namna 2, na kopi 1 ikae mbali na pale. Kwa shule maana yake ni hivi: kopi ya kazi kwenye SSD, kopi ya kila jioni kwenye diski ngumu, na kopi ya kila Ijumaa kwenye diski ya inje, inayochomolewa na kuwekwa katika nyumba ingine. Kwa kuwa ndani kuko mambo ya wanafunzi, diski ile ifungwe kwa neno la siri, na watu wawili walijue, si mmoja tu.

Juu ya nini tunasisitiza hivi? Waza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Dosie yake ya Egzameni ya Serikali inahitaji pointi zake za miaka iliyopita. Wazazi wake wameuza mbuzi, wameuza muhogo, wamelipa miaka sita. Pointi zake zote ni kurasa chache, hazijai hata mega 1. Kama zilikuwa kwenye diski moja tu na diski ile imekufa, nani atamuandikia tena jasho lake? Yosefu kule Misri hakungojea njaa ifike mbele ya kujenga gala. Alijenga wakati wa shibe.

8. HEKIMA YA SOKO

Katika soko kuko udanganyifu. Utaona diski ya inje imeandikwa «SSD tera 16» kwa bei ya kuku wawili. Ni uongo. Ndani kuko kadi ndogo iliyofundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake: inakubali fishie zako, kisha inazifuta kimyakimya. Kuko programu za bure za kuijaribu, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux: zinajaza diski yote, kisha zinasoma tena kama kweli kilichoandikwa kiko. Omba kujaribu mbele ya kulipa, ao kupata neno la muuzaji kwamba unaweza kurudisha.

Angalia tena mashini yako inapokea nini. Ordinatere za zamani ziko na mulango wa SATA, basi nunua SSD ya SATA ya inchi 2,5. Usinunue ile nyembamba ya M.2 kama mashini haina pahali pake. Ordinatere ya kubeba mara nyingi ina nafasi ya diski moja tu. Hapo weka SSD ndani, na diski ngumu ya zamani uitie katika kasha ya USB, iwe diski ya inje.

Na hiyo diski ya zamani, uipime mbele ya kuitumainia. Programu CrystalDiskInfo kwa Windows, ao smartctl kwa Linux, inasoma daftari ya afya ambayo diski inaandika yenyewe. Ukiona hesabu ya sehemu zilizohamishwa inapanda kila juma, diski hiyo iko inaaga. Iwe na filme tu, si pointi.

9. SIKU YA KAZI

Kwanza, fanya kopi ya kila kitu inje ya mashini. Pili, zima, chomoa umeme, gusa chuma ya sanduku kusudi umeme wa mwili utoke. Tatu, weka SSD, toa kwa muda diski ngumu, ingiza sistemi kwenye SSD. Hivi hautakosea na kuandika juu ya diski isiyofaa. Nne, zima tena, rudisha diski ngumu. Tano, hamisha makao ya filme na picha kwenye D: katika Windows ya Kifaransa unafungua «Propriétés» ya dosie, kisha «Emplacement». Sita, kaa majuma mawili bila kufuta kitu cha zamani. Ukiisha kuona vyote viko, ndipo usafishe.

Neno moja: zamani tulifundishwa «kudefragmenta» diski. Kwa diski ngumu ni vizuri. Kwa SSD usifanye. Haina mukono wa kupunguzia safari, utaichosha bure. Windows mupya inaitambua yenyewe na kuifanyia kazi yake ingine.

10. ZOEZI

a) Kwaya iko na giga 300 za nyimbo na filme, na feza ya diski moja tu. Inunue ya namna gani?
b) Mashini iko na RAM giga 4 na diski ngumu peke yake, na inasimama kila mara. Uongeze nini kwanza?
c) Sekretariati iko na SSD na diski ngumu, na pointi ziko kwenye zote mbili. Sheria ya 3-2-1 imetimia?

Majibu: a) Diski ngumu, sababu ni vitu virefu vilivyotulia, na wakipata feza ingine, ya pili ya kopi. b) SSD, na kumbukumbu ya kukopa ihamie huko, RAM ikipatikana, ni vizuri zaidi. c) Hapana. Kopi ni 2, na zote ziko pahali pamoja.

Ndugu wanafunzi, feza ya shule ni kidogo, na inatoka kwa wazazi wenu. Kuigawanya kwa akili ni sehemu ya masomo. Mwenye swali alete kwa karatasi, tutajibu katika gazeti linalofuata. Mungu abariki kazi za mikono yenu.